Ukaguzi wa Jumamosi

Shemeji yangu huanza kukutazama kutoka chini. Ukiingia kwenye chumba chake cha kazi, kabla hajaitikia salamu ameshaona viatu vyako, na kabla hujakaa ameshajua siri zako mbili tatu. Ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata wale wanaolijua jina lake. Aliwahi kumwambia mwalimu mmoja wa hesabu kwamba miaka yote hubeba mkoba kwa bega la kushoto, na mwalimu akashtuka kama aliyefumaniwa. Bwana mwingine alirudishiwa viatu vyake bila kuguswa. "Hivi havihitaji fundi," aliambiwa. "Goti lako ndilo linahitaji daktari." Bwana yule alinuna wiki nzima, kisha akaenda hospitali, na ikawa kweli.

Chumba chenyewe kinatazama barabara na upana wake ni hatua nne. Kuna benchi la wateja, meza iliyokatwakatwa na kisu mpaka imefanya mabonde, mkebe wa gundi, na misumari midogo ambayo yeye huibana kwa midomo anapofanya kazi, ndiyo maana mazungumzo naye huwa ya upande mmoja. Kwenye rafu ya juu kabisa kuna jozi moja ya viatu vya kike, vya rangi ya kahawia. Mteja akiuliza kama vinauzwa, Fundi hutikisa kichwa tu. Ni viatu vya dada yangu, mkewe, ambaye huu ni mwaka wa tatu tangu afariki. Mimi nikikaa kwenye lile benchi huvipa mgongo, na bado navisikia nyuma ya shingo yangu.

Dada aliambiwa ana kisukari akiwa na miaka hamsini na moja. Daktari alimwandikia dawa, akampunguzia chakula, akamwagiza atembee nusu saa kila siku na avae viatu visivyombana. Mtu mwingine angetoka pale analia. Dada alitoka na mipango. Alinunua taulo dogo la jasho na chupa ya maji yenye mkanda wa kuvaa begani, akautangazia mtaa mzima kwamba anaanza Jumatatu. "Nipeni miezi sita," alisema. "Mtaniita binti."

Fundi naye hakubaki nyuma. Alichora nyayo za mkewe kwenye karatasi, akachonga kalibu mpya, mguu wa mbao wa kushonea kiatu, akashona kwa namna ambayo mshono hauwezi kukwaruza ngozi ya ndani, akaacha nafasi pana vidoleni. Ilimchukua wiki tatu. Soli akaweka ya ngozi. Mpira ungemfaa mgonjwa zaidi, hata mtu aliyeanza ufundi jana angemwambia, lakini Fundi alisema mpira unaficha na ngozi inasema. Alitaka soli atakayoweza kuisoma. Kisha akatoa amri, huku akicheka: kila Jumamosi asubuhi, kabla hajapokea mteja wa kwanza, Dada atamletea viatu vikaguliwe.

Siku ya kwanza nilikuwepo. Dada alitoka kifua mbele na taulo lake shingoni, majirani wakampigia makofi, na Fundi akatemea misumari kiganjani ili apate kucheka vizuri. Siku ya pili makofi yalikuwa machache. Siku ya tano alipungiwa mkono na mtu mmoja. Siku ya kumi na tatu mvua ilinyesha akabaki ndani. Siku ya kumi na nne mvua haikunyesha, na bado akabaki ndani.

Watu walisema baadaye kwamba zilikuwa nguvu za soda, kwamba alikuwa mvivu. Nikisikia neno hilo damu hunichemka. Dada alifua mashuka ya nyumba ya wageni kwa miaka ishirini, na mvivu hafui mashuka arobaini kwa siku. Mimi nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kikauma, na naona hivi: sifa zote alipewa mwanzoni, kwa kazi ambayo alikuwa hajaifanya. Alishiba kabla ya kupika. Halafu mwili nao ukamkalia kimya. Siku kumi na mbili anatembea, na mguu ni uleule, gauni ni lilelile, kipimo cha sukari ni kilekile. Ukimsemesha mtu siku kumi na mbili asikujibu, na wewe utanyamaza.

Ijumaa ya wiki ya tatu nilipita kwao alasiri nikitoka kazini. Kutoka mlangoni nikasikia sauti uani: kwaru, kwaru, kwaru. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, kiatu cha kulia kiko mapajani, anasugua soli kwa jiwe la kusugulia miguu. Aliponiona aliruka. Kisha akaanza kucheka mpaka akajifuta machozi.

"Unafanya nini, Dada?"

"Natembea. Hapa nimemaliza Jumatatu na Jumanne. Zimebaki tatu."

"Wewe! Fundi akijua?"

"Atajuaje? We mtoto, fyata ulimi. Wiki ijayo naanza upya, naapa, safari hii naanza kweli. Ila kesho ni Jumamosi. Umewahi kumwona anavyogeuza hivi viatu? Anavyotabasamu? Siwezi kumpelekea soli mpya, mdogo wangu. Nitamtazama vipi?"

Nikacheka naye. Mkono wake ulipochoka nikampokea jiwe, nikakisugua kile cha kushoto mimi mwenyewe. Nilifanya kazi nzuri, tena kwa furaha, tulikuwa kama tumerudi utotoni tukificha sahani tuliyoivunja. Dada aliniambia nina mkono mwepesi.

Wiki ijayo yake haikufika. Jumamosi ilifuata Jumamosi, na Fundi akavigeuza viatu, akapitisha kidole gumba kwenye ngozi, akasema, "Safi sana, mke wangu. Endelea hivyo hivyo." Dada aliinamisha macho. Mwezi wa saba akapata kidonda kidogo chini ya kidole, asikisikie. Hospitali wakamkata kidole, halafu wakamkata unyayo. Alifariki Jumanne mchana, dirisha la wodi likiwa wazi, na nje watu walikuwa wanapita kwa miguu yao wenyewe kama vile si kitu.

Baada ya mazishi Fundi alianza kutembea. Alitoka saa ileile ya Dada, akafuata njia ileile ya Dada, kichwa chini, haraka haraka, na watu wakapisha. Mimi humwona kwa sababu njia yangu ya kwenda kazini inapita pale. Nikasema moyoni, haya ni majonzi, huyu atatembea hadi kufa kwake. Siku ya kumi na tisa nikamkuta amekaa mlangoni, mikono magotini, anatazama barabara. Siku ya ishirini pia. Mtu aliyempenda mkewe kiasi kile alishindwa hata mwezi mmoja. Niliogopa nilipoona hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba huzuni haichoki.

Miezi miwili baadaye akaanza tena, na safari hii alikuwa na mfuko begani. Viatu ambavyo alikuwa amevimaliza jana yake, alivipeleka kwa wenyewe kwa miguu, nyumba kwa nyumba, badala ya kuwangoja wavifuate. Hakwenda haraka. Hakumwambia mtu kitu, wala hakuna aliyempigia makofi, na watu walichukulia kwamba biashara imekuwa ngumu. Mwaka ukapita anatembea.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimekaa. Kazi yangu ni ya dirishani, posta, kupokea vifurushi na kugonga mihuri, na nyumbani nilikaa pia. Mwaka jana nilianza kusikia kiu isiyokatika. Daktari, yuleyule wa Dada, hakuhitaji kuniambia, nilijua kabla hajarudi na karatasi. Alinivua soksi, akachukua kitu kama uzi mgumu, akawa ananigusa nyayo huku nimefumba macho, nimwambie kila ninaposikia. Nilimwambia, nilimwambia, kisha kukawa kimya kirefu. Nikafumbua macho nikamkuta bado anagusa. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa havisikii chochote.

"Ndugu yako alianza hivihivi," alisema. Hakuwa na haja ya kuendelea, lakini akaendelea. Dawa, chakula, na nusu saa kila siku. Nisipofanya hivyo nijue mguu huu si wangu tena.

Mnadhani nilijifunza kwa Dada? Nilinunua suti ya michezo ya rangi ya zambarau. Nilipakua kwenye simu kile kitu cha kuhesabu hatua, kinacholia na kurusha nyota ukifikisha elfu sita. Nikawaambia wenzangu wote wa posta, wakanipongeza, mmoja akanikumbatia. Nikamwambia na Fundi. Yeye hakunipongeza wala hakusema atanikagua. Aliniuliza tu, "Vidole vingapi?" Nikamwambia viwili. Akarudisha misumari mdomoni.

Nilitembea siku nane. Dada alinishinda, yeye alifika kumi na mbili.

Siku ya tisa nilisema mafua. Siku ya kumi nilisema kikao. Wenzangu waliniuliza, "Leo ngapi?" nikawatajia namba, na kwa kuwa walitaka kuona simu, ikabidi namba iwepo. Niligundua kwamba ukiishika simu chini ya meza na kuitikisa, nayo inahesabu. Ni rahisi sana. Unaongea na mteja, mkono wa kulia unagonga muhuri, wa kushoto unatikisa. Wiki moja. Wiki mbili. Kila saa tisa alasiri nyota zinaruka, wenzangu wanapiga makofi, na mimi nacheka.

Alhamisi moja hapakuwa na foleni. Nilikuwa peke yangu dirishani, na simu ilikuwa inakwaruza ubao wa chini wa meza kila ninapoitikisa. Kwaru, kwaru, kwaru. Niliisikia kabla sijaielewa. Nikageuka kutazama kiti cha nyuma yangu, nina uhakika Dada alikuwa amekaa pale, nina uhakika nilisikia mtu anacheka na kujifuta machozi. Kiti kilikuwa kitupu. Mkono wangu bado ulikuwa unaenda na kurudi, na sikuweza kuusimamisha mpaka nilipoushika kwa mkono mwingine. Niliomba ruhusa. Nilitoka na viatu vya ofisini na nikaenda moja kwa moja kwa Fundi.

Alikuwa anashona. Sikukaa kwenye benchi.

"Shemeji, sijatembea."

Akainua macho.

"Leo sijatembea. Jana sijatembea. Leo ni siku ya ishirini na mbili sijatembea, natikisa simu chini ya meza kama mwendawazimu. Na kuna lingine. Nilikuta Dada anasugua vile viatu kwa jiwe, nami nikamsaidia. Sikukwambia. Ningekwambia angekuwepo."

Nililisema kwa mkupuo mmoja, nikasubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Fundi alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga mezani.

"Cha kushoto," alisema.

"Nini?"

"Ulisugua cha kushoto. Yeye alisugua kwa kwenda na kurudi. Wewe ulizungusha. Nilipovigeuza Jumamosi ile niliona mikono miwili."

Nikakaa, nikavitazama vile viatu vya juu kwa mara ya kwanza tangu avipandishe pale. Vilikuwa vimelazwa ubavu, na soli zilikuwa zimelika sawasawa, kisigino mpaka kidoleni. Dada tangu usichana alikuwa akikanyaga kisigino cha kulia kwa upande wa nje, mama yetu alimsema kwa ajili hiyo. Hakuna binadamu anayekanyaga kama zile soli, na ni mimi tu na Dada tuliodhani fundi viatu hatajua.

"Ulijua siku zote," nilisema. "Ukamwambia safi."

"Nilimwambia safi."

"Kwa nini?"

Nje mtu alipita, akamsalimia, naye akaitikia kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akanigeukia na uso wake ukawa umeharibika.

"Kwa sababu alikuwa anafurahi. Kila Jumamosi tulikuwa na kitu chetu, mimi na yeye. Nikisema najua, kitu chenyewe kimekwisha." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Hapana. Huo ndio uongo ninaojiambia. Ningesema najua, angeniuliza, basi twende wote. Na mimi sikutaka kutembea, Shemeji. Nilikuwa nimechoka, nilipenda kukaa hapa. Kukagua ni rahisi kuliko kwenda."

Kisha akalia. Pale msibani hakulia. Alilia kama mtu asiyejua kulia, mabega yanapanda bila sauti, na mimi nikalia na wala sikumgusa. Hasira niliyokuwa nayo juu yangu nilitaka kumhamishia yeye, nikajaribu, ikakataa kuhama. Tulikuwa watatu ndani ya uongo mmoja, kila mtu akimwonea mwenzake huruma, mpaka mmoja akafa.

Alipotulia nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua. Alishindwaje siku ya kumi na tisa, na aliwezaje baadaye?

"Siku zile kumi na tisa nilikuwa natembea kwa ajili yake," alisema. "Nilidhani nikiumia vya kutosha nitaendelea. Asubuhi moja nikaamka siumii. Nikakaa nikingoja niumie ndipo nitoke. Sikuumia, sikutoka." Akachukua kiatu, akakirudisha. "Ndipo nikajua hakuwa mvivu. Mimi nilikuwa na kifo kizima cha kunisukuma na kikaisha. Yeye alikuwa na taulo tu."

"Halafu?"

"Halafu nikaacha kungoja. Nikajiambia, vaa viatu, fika kwenye nguzo ya umeme, rudi. Ukifika hapo hesabu umekwenda. Siku nyingi nilirudi hapo hapo kwenye nguzo, ni hatua thelathini. Nikaona aibu, lakini nilikwenda. Kisha mama mmoja alikuwa anasubiri viatu vya kazini, nikampelekea. Yule mama hajali mimi nimeamkaje. Anataka viatu. Sasa kila siku kuna mtu anayetaka viatu."

"Na usipokwenda?"

"Kuna siku siendi. Kesho yake naanzia kwenye nguzo. Sianzi upya, Shemeji. Kila anayeanza upya huanza na makofi."

Sikuondoka pale na moto wowote kifuani. Niliondoka na njaa na macho yaliyovimba. Asubuhi yake Fundi alikuwa mlangoni kwangu na mfuko, na mkononi ameshika jozi moja ya viatu vya mtu, amevifunga kwa kamba. Akanipa. Vilikuwa vya muuza magazeti wa barabara ya pili. Hakuniuliza kama niko tayari. Nilikwenda nikiwa nimenuna, na niliporudi nilikuwa bado nimenuna.

Kwenye ile simu nilikifuta kile kitu cha kuhesabu, na wenzangu niliwaambia ukweli. Mmoja alicheka, akanikera, nikazoea. Kuna siku nilifika kwenye nguzo tu. Kuna siku tatu mfululizo sikutoka kabisa, na siku ya nne nilisimama mlangoni kwa Fundi nikasema, "Sijatembea," naye akasema, "Haya," akanipa viatu vya kupeleka. Neno lile halikuzoeleka mdomoni mwangu haraka. Kila nilipolisema nilimwona Dada uani, kiatu mapajani, akitafuta namna ya kulisema kwa mumewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa miezi saba.

Juzi nilirudi kwa daktari. Akanivua soksi, nikafumba macho, uzi ukapita. Ukaja ule ukimya, nikauhesabu. Vilikuwa viwili, vilevile. Havijapona na daktari anasema havitapona, ila havijafika vitatu. Nilitarajia furaha kubwa, nikapata kitu kidogo tu, kama kukuta mlango uliodhani umeusahau wazi umefungwa.

Leo asubuhi kulikuwa na manyunyu. Nilifika kwa Fundi nikamkuta amekaa kwenye benchi la wateja, mfuko uko sakafuni, uso wake ni ule wa siku ya kumi na tisa.

"Leo sitaki, Shemeji," alisema. "Sitaki kabisa."

"Hata mimi sitaki," nilisema.

Nikaubeba mfuko, akasimama, tukatoka.